Kigunduzi cha Metali si Ramli

Nyarugusu inayozungumzwa hapa si ile kambi ya wakimbizi iliyoko mkoani Kigoma, bali ni mji mdogo wa wachimbaji ulioko kusini mwa mji wa Geita, katika ukanda wa dhahabu unaoteremka kutoka Ziwa Viktoria kuelekea Kahama na Shinyanga. Katika nchi hiyo, ambako mashimo ya zamani hupakana na mashamba ya mihogo na mlio wa makarasha husikika kutwa, chombo kimoja kimezoeleka machoni pa watu katika miaka ya karibuni. Ni fimbo yenye bamba la mviringo mwishoni, kisanduku cha betri, na visikizio vya kuvaa masikioni. Mwenye nacho hutembea polepole akilipitisha bamba hilo juu ya ardhi, na kila kinapolia huinama akachimba. Chombo hicho ni kigunduzi cha metali.

Juu ya chombo hiki kuna maneno ya namna mbili. Wapo wanaokisifu kuwa kina macho yapenyayo ardhi, na kwamba atakayekipata ameagana na umaskini. Wapo pia wanaokilaani kuwa ni udanganyifu mtupu, maana jirani yao aliuza ng'ombe akakinunua, akazunguka nacho msimu mzima, na mwisho akarudi na mfuko wa misumari. Ukweli ni kwamba makundi haya mawili yamekosea kwa sababu moja: hakuna kati yao lijualo chombo kinafanya nini. Na dawa ya kutojua huko haiko dukani wala kwa mganga. Iko katika darasa la fizikia la shule ya sekondari.

Kinachosikika ni nini?

Kwanza yafaa ifahamike kwamba kigunduzi hakioni dhahabu. Hakijui hata kwamba dhahabu ipo duniani. Kinachosikika hasa ni upitishaji wa umeme. Ndani ya lile bamba mna koili, yaani waya uliosokotwa mara nyingi. Mkondo wa umeme unaobadilika upitapo katika koili, hujenga uga wa sumaku unaobadilika pia, na uga huo hupenya ardhini. Ukikutana na kitu kipitishacho umeme, huzaliwa ndani yake mikondo midogo izungukayo kama maji yazungukavyo katika kizingia. Mikondo hiyo nayo hujenga uga wake mdogo wa sumaku, ambao hurudi juu na kuamsha koili ya kupokelea. Hapo ndipo sikio husikia mlio. Hii ndiyo kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ile ile inayoendesha jenereta za umeme na kufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini.

Historia ya chombo hiki ina funzo lake. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza chombo cha namna hii ili kuitafuta risasi iliyobaki mwilini. Majaribio ya awali yalikuwa mazuri, lakini kitandani mwa mgonjwa chombo kilishindwa. Sababu mbili hutajwa. Ya kwanza ni springi za chuma za kitanda, ambazo zilivuruga mlio. Ya pili ni kwamba daktari mkuu aliruhusu upande mmoja tu wa mwili upimwe, upande alioamini kuwa ndimo risasi ilimo, na sivyo ilivyokuwa. Chombo hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kelele za mazingira na katika imani ya mtu mkubwa. Yeyote aliyewahi kutembea na kigunduzi katika udongo mwekundu wa Geita atayatambua makosa hayo mawili mara moja.

Upande wa pili wa historia hiyo ni wa kutia moyo. Mwaka 1980 huko Kingower, katika jimbo la Victoria nchini Australia, mtu mmoja mwenye kigunduzi cha mkononi alipata bonge la dhahabu lenye uzito wa kilo 27, karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo wachimbaji walikwisha kupita tangu karne ya 19. Hivyo chombo si uongo. Lakini habari ya bonge moja isiwafanye watu wasahau maelfu ya saa za watu wengine ambazo hazikuzaa chochote.

Kelele za ardhi ya Geita

Vigunduzi vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa ajili ya burudani, hasa kutafuta sarafu na pete zilizopotea katika fukwe na bustani za Ulaya na Marekani. Hutumia mkondo geu wa mizunguko elfu chache kwa sekunde, ambao hufaa kwa vitu vya ukubwa wa sarafu katika udongo mtulivu. Nyarugusu hakuna udongo mtulivu. Miamba ya ukanda huu ina umri uliozidi miaka milioni 2,500, na miongoni mwake yamo matabaka ya mawe ya chuma yenye magnetaiti kwa wingi. Mawe hayo yamemomonyoka na kutapakaa katika udongo, na joto na mvua vimeacha juu yake ganda la mfinyanzi na changarawe zenye chuma. Chombo cha kutafutia sarafu kikiwashwa hapo hupiga kelele kila hatua. Mwenye kutojua hudhani kuwa amesimama juu ya utajiri. Kumbe amesimama juu ya kutu.

Kwa sababu hiyo viko vigunduzi vya namna nyingine, vitoavyo mapigo mafupi ya umeme, kisha hunyamaza na kusikiliza jinsi mwitikio unavyofifia. Hivi huvumilia zaidi udongo wenye chuma, lakini bei yake ni kubwa, na si kila mtu anaweza kuvimudu. Hata hivyo, mwenye chombo cha kawaida anaweza kupata matokeo mema, kwa sharti kwamba afuate taratibu ambazo kila mojawapo ina sababu yake ya kisayansi.

Ya kwanza ni kuchagua mahali. Dhahabu ya Geita kwa sehemu kubwa ni vumbi laini lililomo katika mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi na katika mawe ya chuma. Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu katika tani moja huhesabiwa kuwa mwamba mzuri, lakini kigunduzi kikipitishwa juu yake hunyamaza kimya, kwa kuwa chembe zimetengana na kila moja ni ndogo mno kubeba mkondo unaoweza kusikika. Basi ukimya wa chombo si ushahidi kwamba dhahabu haipo. Kinachosikika ni punje na vipande. Hivyo hupatikana zaidi kwenye miteremko iliyo chini ya mshipa uliomomonyoka, katika vijito vya msimu, na katika virundo vya mawe yaliyotupwa zamani na wachimbaji waliotegemea macho yao. Tena dhahabu ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3, ambapo kwatsi ina gramu 2.65 tu. Kwa hiyo punje huzama hadi kwenye mwamba mgumu na kujificha katika nyufa zake. Hapo ndipo pa kupimwa, si katikati ya udongo mnene uliokusanyika juu.

Ya pili ni kukisawazisha chombo na ardhi. Bamba huinuliwa na kushushwa mara kadhaa juu ya mahali pasipo na metali, huku kirekebishi kikizungushwa hadi mlio usibadilike. Kazi hii hurudiwa kila rangi ya udongo inapobadilika. Wengi huiruka, kisha hupandisha nguvu ya chombo hadi mwisho wakitumaini kufika mbali. Hufanya kinyume cha inavyotakiwa: katika ardhi yenye kelele, kupunguza nguvu kidogo husaidia sikio kutenganisha mlio wa kweli na wa uongo, kama vile mtu asikiavyo mazungumzo vizuri zaidi redio inapopunguzwa sauti.

Ya tatu ni mwendo. Bamba litembee karibu kabisa na ardhi, sambamba nayo, bila kuinuliwa mwisho wa kila mzunguko kama mtu afyekaye nyasi, na kila mpito uingiliane na uliotangulia. Eneo dogo lililogawanywa kwa kamba na kupimwa lote lina faida kuliko kilima kizima kilichopitiwa haraka haraka. Mtafutaji aweke mbali simu, panga na viatu vyenye vyuma, na ajiepushe na nyaya za umeme zipitazo juu.

Ya nne ni kuchimba kila mlio wa metali. Viko vyombo vyenye kioo kinachodai kutenganisha takataka na mali. Kidokezo hicho ni dhaifu, kwa sababu aluminiamu hupitisha umeme kwa kiwango kinachokaribia kile cha dhahabu, na punje ndogo ya dhahabu hulia sawa na kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Atakayekataa kuinamia karatasi hiyo atakuwa ameikataa na dhahabu pamoja nayo. Lakini hapa pana tahadhari moja: katika machimbo yaliyolipuliwa kwa baruti, kifuko chembamba cha metali chenye nyaya chaweza kuwa fataki ambayo haikulipuka. Hicho kisiguswe wala kisigongwe. Wahusika wa machimbo waarifiwe.

Ya tano ni daftari. Siku, mahali, aina ya udongo, kina, na kilichopatikana, hata kama ni msumari. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litamwambia mtafutaji ukweli ambao kumbukumbu yake haiwezi kumwambia, kwani kumbukumbu huhifadhi siku ya bahati na kuzisahau siku 29 za jasho.

Hesabu inayolinda mali ya watu

Ipo hesabu moja ambayo kila mwanafunzi wa ukanda wa dhahabu angepaswa kuijua. Uga wa sumaku wa koili, ukishapita upana wa bamba lenyewe, hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Uga unaorudi kutoka kwenye punje hupungua vivyo hivyo. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi hupunguza mlio kwa kipeo cha sita. Kina kikiongezeka mara mbili, mlio hupungua mara 64. Kikiongezeka mara tatu, hupungua mara 729. Gramu moja ya dhahabu ina ukubwa unaokaribia punje ya mtama. Punje kama hiyo, kwa vyombo vingi, hutafutwa kwa sentimita na si kwa mita.

Sasa achukuliwe mwuzaji anayedai kuwa chombo chake husikia dhahabu iliyo mita 30 chini. Ukilinganisha na kina cha sentimita 30, umbali umeongezeka mara 100, na mlio umepungua mara 1,000,000,000,000. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiwa na kipande cha chaki anaweza kumwokoa baba yake asiuze ng'ombe. Na hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu mfanyabiashara James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vijiti vya antena alivyodai kuwa hugundua mabomu kutoka mbali. Kumbe vilitokana na mchezo wa kutafutia mipira ya gofu, na ndani havikuwa na kitu chochote kinachofanya kazi. Vilinunuliwa kwa fedha nyingi na kutumiwa katika vizuizi vya barabarani nchini Iraki, ambako watu walikufa kwa mabomu yaliyopita mbele ya vijiti hivyo. Waliovinunua hawakuwa wajinga wa kutojua kusoma. Walikosa tu mtu wa kuuliza: kinafanyaje kazi?

Swali hilo hilo lina uzito wa pekee katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga waliowaambia watu kuwa viungo vya binadamu huleta bahati katika madini na uvuvi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya maovu hayo. Marufuku ya sheria ni ya lazima, lakini haitoshi, kwa maana ramli si mganga peke yake. Ni tabia ya kukubali jibu bila kuuliza njia iliyolileta. Mtu anayekiamini kigunduzi kwa namna hiyo, anayeamini kuwa kinalia kwa aliyebarikiwa na kunyamaza kwa mwenye nuksi, amebadilisha chombo lakini hakubadilisha fikra. Siku kitakapomnyamazia atarudi alikotoka.

Wajibu wa shule

Ndiyo maana inafaa kigunduzi cha metali kiingie darasani katika ukanda huu, si kama njia ya kutafutia mali, bali kama somo. Wapo watakaosema kuwa shule hazina fedha za kununulia vyombo hivyo. Haihitajiki fedha nyingi. Sumaku iliyotolewa katika spika mbovu ya redio, ikining'inizwa kwa uzi na kubembezwa karibu kabisa na kitako cha sufuria nene ya aluminiamu iliyofunikwa, hutulia mapema kuliko ikibembezwa juu ya meza ya mbao, ingawa sumaku haivuti aluminiamu. Wanafunzi waulizwe: nani ameishika? Jibu ni ile mikondo izungukayo ndani ya metali, na hiyo ndiyo roho ya kigunduzi. Mahali ambapo mzazi au jirani ana chombo na yu tayari kukiazima kwa siku moja, vipande vidogo vya risasi kama vile wavuvi wanavyofunga kwenye ndoana vizikwe katika kiwanja cha shule kwa kina cha sentimita 5, 10, 15 na 20. Wanafunzi wapime, waandike, wachore grafu, kisha wafukue vipande vyote na kunawa mikono. Grafu hiyo wataikumbuka baada ya kusahau mtihani.

Wapo pia, na hoja yao ni nzito zaidi, watakaosema kuwa somo la namna hii litawavuta watoto kwenda machimboni. Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, yakiwemo ya Geita, wakishika zebaki kwa mikono na kuingia katika mashimo marefu. Na Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu. Waliokolewa wote wakiwa hai, nchi nzima ikashukuru, lakini si kila shimo linalobomoka hurudisha watu wake. Hata hivyo mtoto wa Nyarugusu hahitaji mwalimu amwonyeshe njia ya machimboni. Njia hiyo hupita mlangoni pao. Anachokosa ni sababu ya kuipita akielekea darasani. Akiona kuwa yale yanayosemwa ubaoni ndiyo yanayoeleza kile ambacho wakubwa hukihangaikia bila kukielewa, shule haitakuwa tena mahali pa kusubiria umri wa kuchimba.

Mwalimu atakayefundisha somo hili afundishe pia mipaka yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kutafuta madini bila leseni, na kigunduzi cha mkononi hakimwondolei mtu wajibu huo. Dhahabu ipatikanayo kwa halali ina mahali pake pa kuuziwa, katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Mahali pa kale, kama magofu ya Kilwa, pamelindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na sarafu iliyochimbuliwa hapo bila utaratibu huwa imeondolewa katika historia ya taifa. Na shimo lililochimbwa lifukiwe: ng'ombe wa jirani hajui kwamba lilichimbwa kwa ajili ya sayansi.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kigunduzi cha metali humwonyesha mtu mahali pa kuinama, basi. Hakimwinamii, hakimchimbii, wala hakimfikirii. Ukanda wa Geita umechimbwa kwa miaka mingi, na dhahabu yake itakwisha siku moja, kwa kuwa hakuna ardhi izaayo dhahabu mara mbili. Shule za Nyarugusu zina nafasi, kabla ya siku hiyo, ya kulea kizazi kinachouliza kila chombo, na kila mwenye chombo, lile swali fupi: kinafanyaje kazi?